Kidonge Kinajuaje Mgongo Ulipo?

Temeke, 12 Machi 1975

Mama Rosalia mpendwa, shikamoo. Mie ni msomaji wako wa kila Jumatano, naitwa Romani, mtu wa Newala, mchongaji vinyago katika ushirika wetu hapa Temeke, na leo naomba unisaidie kwa sababu nina swali ambalo kila nikimuuliza mtu ananicheka, na nyuma ya swali hilo kuna jambo lisilochekesha hata kidogo, nalo nimelificha siku ya kumi sasa.

Mwezi uliopita tuliletewa magogo ya mpingo, nikainua moja peke yangu, mgongo ukakaza ghafla, nikabaki nimeinama kama mtu anayetafuta sindano chini. Pale zahanati daktari alinibinya hapa na pale, akasema mfupa mzima, ni misuli iliyojikaza, akaniandikia vidonge ishirini na moja vya kulegeza misuli, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, kwa siku saba. Akaniambia, "Usinywe pombe, usishike patasi, ukiona kizunguzungu kaa chini." Nikamuuliza, "Daktari, kidonge naweka mdomoni, kinapita tumboni, sasa kinajuaje kwamba kinachouma ni mgongo na si goti?" Foleni ilikuwa ndefu, akacheka, akamwita mwingine.

Basi nikaanza kujichunguza mwenyewe, Mama, nikachukua daftari nikawa naandika, nimemeza saa mbili asubuhi, saa tatu kasorobo ulimi mzito, saa tatu mgongo umelegea, saa nne usingizi, na siku ya pili mkojo ukatoka rangi ya chai isiyo na maziwa, nikashtuka lakini nikaandika tu, na siku ya tatu nikasema ngoja nishike patasi nione, nikapasua pua ya kinyago nilichokihangaikia wiki mbili. Siku ya nne mgongo ulikuwa umepona, nikaacha, vikabaki vidonge kumi na viwili kwenye kopo.

Kosa langu linaanzia hapo. Mwenye nyumba wetu ni Bi Tunu, mzaliwa wa papa hapa, mjane wa miaka sitini na kitu, miguu humkaza na ana vidonge vyake vya presha. Akaniona nachota maji nimenyooka, akasema, "Mwanangu Romani, juzi ulikuwa unatembea kama kaa, leo imekuwaje?" Nikamweleza. Akasema, "Nipe na mie viwili, ila Somoe asijue, atanipigia kelele." Somoe ni binti yake, anakaa naye. Sitakudanganya, Mama, sikumpa kwa huruma tu, nilitaka nione. Nilijiambia, vikienda miguuni kwake kama vilivyokuja mgongoni kwangu, basi kweli vinajua.

Alivimeza vyote viwili kwa mpigo, Jumapili ya tarehe mbili, baada ya chakula cha mchana. Alasiri akaamka kwenda kuanua kanga zake uani, akapepesuka mlangoni, akaanguka, mkono ukavunjika. Hospitali walimuuliza ametumia dawa gani, akasema za presha tu. Na kwa kuwa asubuhi ile mpangaji mwenzetu Benedicta, dada wa kiwanda cha nguo mwenye mtoto mchanga, alikuwa amepiga deki ukumbi, Somoe akamvaa yeye. "Umemwaga maji ya sabuni mama yangu apite!" Benedicta akaapa kwamba sakafu ilikauka kabla ya adhuhuri, hakuna aliyemsikiliza, ameambiwa ahame mwisho wa mwezi. Nami nilikuwapo, Mama, nimesimama palepale, nikawa natazama vidole vyangu vya miguu.

Sasa Bi Tunu ananiita kwa ishara, anataka vingine, mkono unamuuma, na anasema vile vilimlaza kama mtoto. Vimebaki kumi. Nikisema, nitafukuzwa mie, na mke wangu na watoto wanakuja kutoka Newala baada ya Pasaka. Nisiposema, Benedicta anatoka na mtoto wake mgongoni. Nifanye nini? Na usinikasirikie, Mama, lakini bado nataka kujua, kile kidonge kinajuaje?

Romani

*

Ndugu Romani,

Marahaba. Barua yako sikuiacha isubiri zamu ya gazeti. Nimekujibu kwa posta siku ileile, na hapa naichapa kwa ruhusa yako, kwa sababu kopo kama lako lipo katika nyumba nyingi za mji huu.

Nilikuwa muuguzi miaka kumi na minane kabla ya kushika kalamu hii, na swali lako sikulicheka. Angekujibu mtu siku ile kwenye foleni, huenda mkono wa Bi Tunu ungekuwa mzima. Kidonge hakijui kitu. Kinayeyuka tumboni, kinaingia katika damu, na damu inakwenda kote, utosini mpaka kisiginoni. Tena vingi vya aina hiyo havigusi misuli yenyewe. Vinafanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo, kule amri za kukaza misuli zinakotoka, vikazipunguza nguvu. Ndiyo maana mgongo ulilegea, na ndiyo maana ulimi ukawa mzito, usingizi ukaja na patasi ikateleza. Uliyaona yote hayo kwa macho yako, ukayaandika kwa mkono wako!

Kisha ukachukua vidonge hivyohivyo ukampa mjane mwenye presha, ili umtazame. Bi Tunu si gogo la mpingo, Romani. Mwili wa mtu mzima kama yeye unachelewa kuitoa dawa, na dawa ya presha nayo huweza kumtia mtu kizunguzungu anaposimama ghafla. Ukizikutanisha, kuanguka si ajabu. Angekuwa ameongeza pombe au dawa ya usingizi, pumzi yenyewe ingeweza kupungua, na leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Kuhusu mkojo, baadhi ya dawa hizi huubadilisha rangi na huwa si hatari, lakini jambo kama hilo mpelekee daktari, si daftari. Na mtu akiona macho yanakuwa ya manjano, uso unavimba au pumzi inabana, asingoje hata saa moja, aende hospitali.

Sasa sikiliza. Bi Tunu usimpe hata nusu kidonge, abembeleze asibembeleze. Mwambie yeye kwanza, mkiwa wawili, kwa kuwa siri ni yenu wote. Siku hiyohiyo mwambieni Somoe, na Benedicta asafishwe jina mbele ya walewale waliosikia akilaumiwa. Kisha mpelekeni Bi Tunu hospitali na kopo mkononi, daktari asome jina la dawa mwenyewe na ajue yote anayomeza. Vidonge vinavyobaki virudishe dirisha la dawa pale zahanati, visikae mahali watoto wako watakapovikuta.

Na siku nyingine ukiandikiwa, meza ulivyoelekezwa. Ukisahau kimoja, usimeze viwili kwa pamoja kufidia. Patasi, baiskeli na glasi ya pombe vyote vingoje mpaka umalize dawa. Ukipata nafuu mapema, rudi ukamuulize daktari kabla ya kuacha, kwani wewe ulimeza siku tatu tu, lakini aliyezoea dawa hizi kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kuumia. Na kilichoandikwa jina lako ni chako peke yako.

Unaogopa kutafuta nyumba nyingine. Benedicta anaitafuta hivi sasa, kwa kosa lako. Nenda leo.

Mama Rosalia

*

Tarehe 2 Aprili Romani aliniandikia tena:

Mama Rosalia, barua yako nilikaa nayo siku tatu. Jumapili ya Matawi, nilipotoka kanisani, nikamkuta Bi Tunu barazani nikamwambia kwamba lazima tuseme. Hakupiga kelele. Akasema, "Niliyeomba ni mie, na niliyemficha daktari ni mie. Mwite Somoe."

Somoe alinisema mpaka majirani wakatoka nje, na nilistahili. Kisha akaenda mwenyewe kugonga mlango wa Benedicta, akamwomba radhi watu wote wakisikia, akamwambia asihame. Jumatatu tulikwenda hospitali sie watatu, daktari akasoma kopo, akaandika kwenye cheti cha Bi Tunu, akampa dawa ya maumivu inayopatana na presha yake. Mie nimeachiwa chumba changu, kwa sharti nisimkaribie mtu yeyote wa nyumba hii na dawa yoyote, hata ya mafua.

Benedicta nilimfuata bombani jioni, nikamwomba radhi. Alisubiri ndoo yake ijae, akaweka kata ya kanga kichwani, akajitwika.

"Siku ishirini na moja ulijua si mimi, kaka Romani," akasema. "Na kila asubuhi ulikuwa unanisalimia."