Mpunga Uliozama Kharumwa

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Huku Kharumwa hatujambo. Shangazi yako amefungua duka kule Kalangalala, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Umeniuliza kama niliwahi kuona mpunga uliozama ukapona, maana ndio unaousomea huko chuoni. Niliuona.

Mwaka nilioolewa, maji ya mvua yalifunika majaruba yetu yote ya mpunga. Maji yalipopungua, miche ilikuwa mirefu na dhaifu, imelala topeni inaoza. Babu yako akafunga mzigo aende Geita kuchimba dhahabu.

"Hapa hakuna kitu tena," akaniambia.

Nilishuka kwenye jaruba la mwisho, nilikootesha mbegu niliyopewa na mama yangu. Miche yake ilikuwa mifupi, imejaa tope, nikadhani nayo imekufa. Nikaubana mmoja shinani. Ulikuwa mgumu.

"Njoo uone!" nikamwita. "Hii ni mizima!"

Akatua mzigo, akachuchumaa, akabana mmoja, akabana na mwingine. Kisha akakunja suruali, tukaanza kuing'oa na kuipandikiza kwenye majaruba mengine.

Unasema ni vinasaba: mche wa aina ile ukizama hauhangaiki kurefuka kutafuta hewa, bali hutulia na kutunza nguvu mpaka maji yashuke. Sisi hatukujua hilo. Mbegu yenyewe siku hizi siioni, wote tunapanda ile inayonukia. Lakini mikono ya babu yako yenye tope kando ya yangu naikumbuka vizuri.

Geita hakwenda. Baba yako alizaliwa tukiwa tunavuna.

Nakuombea heri,
Bibi yako