Madoa ya Kahawia

Jumatatu, 3 Februari
Utafiti wa meno shuleni: Gredi ya Nne leo, Kangemi. Benchi dirishani, vinywa wazi, Mutua, karani wangu, akinakili kila ninachotaja: jino lililooza, lililozibwa, lililong'olewa. Meno ya mbele ya kahawia, mtoto baada ya mtoto. Yote nimeyahesabu kuwa yameoza. Ushahidi gani mwingine unahitajika? Langoni Mama Mwende anauza peremende, na watoto wanalipa kwa taya zao. Nilimwambia mwalimu mkuu hivyo hivyo. Amemwamuru mama huyo aondoke kufikia Jumatatu ijayo. Ijumaa nitawahutubia wazazi. Hotuba iko tayari. Naipenda mno.

Jumanne, 4 Februari
Kanuni ya utafiti: kila mtoto wa kumi hupimwa upya na Daktari Njeri, msimamizi wetu, bila kuiona fomu yangu. Tumelinganisha. Mimi: meno sita mabovu. Yeye: moja. Mtoto yule yule. Nilibisha, mwenye macho haambiwi tazama.
"Kahawia ni rangi," alisema. "Kuoza ni shimo. Rudi uguse."
Nimekasirika njia nzima hadi mjini. Kisha udadisi ukaishinda hasira. Kama si kuoza, ni nini?

Jumatano, 5 Februari
Nimegusa. Kijiti cha chuma chenye ncha butu kimeteleza juu ya kahawia kama juu ya kigae. Hakuna shimo. Ajabu zaidi: doa la kushoto na la kulia ni pacha. Sukari haina nidhamu ya namna hiyo. Nikamuuliza Shiro, msichana wa miaka kumi, kama hupiga mswaki.
"Daktari, hii haitoki. Hata mathe aliyenizaa ako nayo. Ni maji ya kisima ya kwetu Kinoo."
Nimewauliza wote walikunywa maji gani utotoni. Wenye madoa, karibu kila mmoja: kisima kirefu. Ni floridi, madini ya ardhini, iliyolitia jino rangi kabla halijaota. Nilifundishwa haya mwaka wa tatu. Niliyasahau kwa kuwa hotuba haikuyahitaji. Magego machache yameoza kweli. Machache tu.

Alhamisi, 6 Februari
Mwalimu mkuu hataki masahihisho. Peremende ni mbaya vyovyote vile, asema. Nisome hesabu ya kwanza. Kishawishi kikali, maana nami naamini ni mbaya. Lakini Mama Mwende analea wanne kwa meza ile. Ukweli unaotetewa kwa uongo ni ukweli wa nani?

Ijumaa, 7 Februari
Nimesoma hesabu mpya. Nimekiri kosa, nikaeleza habari ya maji. Baba mmoja akauliza kutoka nyuma, "Kwa hivyo miaka yote hiyo chuoni, bado hujui doa na shimo?" Ukumbi mzima ukacheka. Mama Mwende hakucheka. Wazazi wamekataa afukuzwe. Wamemtaka apunguze peremende, auze ndizi na njugu pia. Amekubali shingo upande. Hakuniangalia.

Jumamosi, 8 Februari
Maktabani. Daktari Njeri hakubali kufuta. Tarakimu ya kosa hupigwa mstari mmoja, ibaki ikisomeka. Mpya huandikwa kando na kutiwa sahihi. Fomu thelathini na nane. Mutua ananipitishia moja moja. Kufikia ya ishirini sahihi yangu imefupika, imebaki herufi mbili. Inatosha.