Zawadi Aliyoiomba Baba Yako Mlimani

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mumeo, na huyo mjukuu wangu ambaye kwenye picha ya mwisho naona meno ya mbele yameshaota. Kikohozi chako je, kimeisha? Endelea na maji ya moto asubuhi, na usitoke kichwa wazi kwenye baridi ya huko kwenu. Sisi hatujambo. Miguu yangu huvimba kidogo jioni, lakini hilo ni la umri, lisikutie wasiwasi. Baba yako naye hajambo, na anakusalimu. Najua sentensi hiyo huwa unairuka. Tangu alipokukatalia kuolewa, miaka sita sasa, hujamsemesha hata kwa bahati mbaya. Leo nakuomba usiruke kitu, maana barua yote inamhusu yeye, na ukiikunja kabla ya mwisho utakuwa umeniacha pabaya.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu ningejiuma-uma, ningekuuliza habari za mtoto, tungecheka, halafu ningekata bila kusema lolote. Unanijua kwa kuzungukazunguka.

Basi, mwezi uliopita tulitimiza miaka thelathini ya ndoa. Thelathini, mama wee! Na unajua hatujawahi kusherehekea hata mmoja. Siku yetu huangukia msimu wa harusi, na msimu huo sisi tuko juu ya ngazi tunafunga kamba kwenye sherehe za watu. Lakini safari hii baba yako alitoka stoo, akafuta mikono kwenye suruali kama kawaida yake, halafu akatangaza kwamba siku hiyo hatukodishi hema wala kiti, tunakwenda kulala mlimani. Nilimwuliza kama ana homa. Akasema anasimika mahema tangu ujana wake na hajawahi kulala ndani ya hata moja kwa raha zake, maana ile miezi yetu ya kwanza tulilala juu ya hema, na ile haikuwa raha, ilikuwa shida.

Ile miezi nilishakusimulia, lakini acha nirudie, maana siku hizi naikumbuka kuliko ya jana. Tulikuwa na hema moja tu, la mistari ya buluu, na tulilala stoo juu ya hema hilo hilo likiwa limekunjwa. Likikodishwa, kitanda chetu kimekwenda harusini. Tulilala kwenye saruji tukiomba maharusi wasicheze mpaka asubuhi. Sijui kwa nini nilikuwa na furaha vile, nikiwa na mbavu zinauma na shuka moja. Halafu ukaja wewe, mtoto wetu wa pekee, ukakulia katikati ya vigingi na kamba. Ulijifunza kuhesabu kwa viti. Ukifika kumi na tatu ulikuwa unarudi tisa, na baba yako anakufuata hivyo hivyo, anapanga viti kwa hesabu yako, mpaka siku moja mwenye sherehe akaja juu kwamba wageni wake wamesimama. Baba yako akamjibu kwamba karani ndiye aliyehesabu, na karani huyo alikuwa na miaka mitatu.

Turudi mlimani. Nilimwambia anunue hema dogo dukani kama watu wengine. Thubutu! Alikaa kwenye cherehani siku nne, akashona lake kutoka kwenye vipande vizima vya mahema yaliyochakaa. Lilikuwa zito kama nini. Kule kwenye geti la kupandia mlima walituangalia na nguzo zetu za mbao, wakatuuliza kama tunakwenda kujenga. Mwongoza njia wetu, mama mmoja mchangamfu aliyevaa buti za mpira, alibeba nusu ya mzigo huku akituita wachumba, nasi tukapanda pole pole, magoti yangu yakilalamika kwa sauti na baba yako akijifanya anasimama kutazama maua, kumbe pumzi imemwishia.

Kambi yenyewe ni uwanja wa majani mafupi chini ya mwamba, na ukitazama bonde unaona njia yote uliyopanda imekuwa uzi. Hema letu lilisimama ndani ya dakika kumi. Majirani zetu walikuwa vijana wenye mahema ya kisasa, wanasoma karatasi ya maelekezo na kugombana. Baba yako alivumilia kidogo, halafu akaenda kuwakazia kamba mmoja mmoja bila kuulizwa. Nikamkumbusha kwamba ameniahidi siku bila kazi. Akasema hiyo si kazi, hiyo ni aibu ambayo hawezi kuitazama.

Mchana tukala mayai ya kuchemsha na mkate, tukanywa chai ya chupa. Nikampa zawadi yangu, sweta la kijivu, akalivaa palepale juu ya koti. Na hapo ndipo tulipofanya kituko. Tulipomaliza kula tuliinuka, mimi nikakusanya vikombe, yeye akaanza kung'oa vigingi. Mimi nikashika upande wangu wa turubai, yeye wake, tukakunja, tukafunga, bila kusemeshana neno. Tumezoea, watu wakishakula hema linashuka. Mwongoza njia akaja mbio kutuuliza kama tumegombana, mbona tunaondoka na hatujalala. Tukatazamana. Mwanangu, sijacheka vile tangu nikiwa msichana. Tulikaa chini juu ya hema letu lililokunjwa, tukacheka mpaka machozi.

Kicheko kilipoisha tukabaki tumekaa pale pale, bega kwa bega, kama tulivyokuwa tukikaa baada ya sherehe kusubiri gari. Nikamwuliza na yeye angependa nini kutoka kwangu kwa miaka hii yote, maana sweta si kitu. Nilidhani atafanya mzaha. Akavuta-vuta uzi wa mkono wa sweta, akasema anataka kitu kimoja tu. Alisema ameubeba mzigo wangu kwa miaka sita na hakuwahi kunilaumu, lakini sasa amechoka, na hataki kufa akiwa ameubeba. Akaniomba nimwambie mtoto wetu ukweli.

Mwanangu, keti kama umesimama.

Baba yako hakukukatalia kuolewa. Mimi ndiye niliyekataa. Siku mlipotoka nyumbani baada ya mumeo kujitambulisha, baba yako aliniambia amempenda, ana mikono ya mtu anayejua kazi. Mimi nililia usiku kucha. Sikuwa na kosa lolote la kumpa mumeo. Nilichosikia ni kwamba kazi yake ya kutengeneza friji iko mbali, siku mbili za safari, na atakuchukua. Niliogopa nyumba. Niliogopa kuamka asubuhi nisikusikie. Nikamwambia baba yako akuambie hapana, kwa sababu nikisema mimi utanibembeleza na nitalegea. Yale maneno kwamba fundi friji hana maisha, mimi ndiye niliyempa. Ndiyo maana aliyasema akitazama sakafu. Ulipomwambia kwamba kuanzia siku ile huna baba, alinitazama mara moja tu, nami nikanyamaza.

Na siku mlipofunga ndoa katika ofisi ya mkuu wa wilaya yetu na mashahidi wawili, nilikuambia amekwenda kazini makusudi. Nilikudanganya. Tangu alfajiri alipakia hema jeupe na viti mia kwenye pikapu, akakaa nyuma ya usukani. Aliniambia niseme neno moja tu, tutafika kabla hamjatoka ofisini. Nilikuwa dirishani nakunja vitambaa vya meza, nikajifanya simwoni. Saa saba mchana alishusha viti vyote peke yake. Halafu wewe ukaendelea kuniandikia mimi, ukiniita mama mwenye huruma, nami nikazipokea barua zako. Naona aibu, mwanangu. Sina utetezi.

Kule mlimani nilimwahidi. Tulisimika hema upya, tukalala vizuri, tukateremka, na imenichukua wiki tatu kupiga moyo konde. Kama una hasira bado, na utakuwa nazo, zihamishie kwangu, mwenye kosa ndiye mimi. Ukae nazo muda wowote unaotaka. Usiponiandikia nitaelewa.

Msalimie sana mumeo, mwambie ninamwomba radhi na nitamwomba tena kwa mdomo wangu siku akinikubalia. Mbusu mtoto. Lakini baba yako mpigie simu. Saa mbili asubuhi huwa yuko stoo peke yake, na simu iko mfuko wa shati. Usimwulize kwa nini hakusema, hatakujibu. Mwite tu baba. Hana mtoto mwingine, na kwa miaka sita hakuna aliyemwita hivyo.

Ni mimi,
mama yako niliyekukosea