Kilo Arobaini na Saba

Jumatatu, 14 Julai
Maputo themanini tangu asubuhi, pinki na meupe, ya harusi. Vidole vinauma. Saa saba Yusufu kapita na wimbo wake: Mama, funga duka, uhamie kwangu, upumzike. Tangu nianguke kwenye ngazi mwezi wa pili, mwanangu ananishika kama yai. Ananipenda, najua. Ananichosha.
Nimemjibu nitapumzika siku maputo yangu yatakaposhindwa kuninyanyua. Kacheka. Mimi sikucheka. Tumepeana mkono: miguu ikiacha ardhi, duka halizungumzwi tena. Isipoiacha, nampa funguo mwisho wa mwezi.

Alhamisi, 17 Julai
Nimejipima kwenye mizani ya muuza vitunguu. Kilo arobaini na saba. Faida ya kukonda.
Puto kubwa la upana wa mita linanyanyua kikopo cha maharage, basi. Nahitaji mia na hamsini na ushee. Gesi ipo, mabaki ya harusi za mwaka mzima. Mama Hawa, fundi cherehani wa mlango wa pili, kanishonea mkanda wa turubai wa kukalia. Kashona huku ananitukana. Mshono kaurudia mara tatu.

Jumapili, 20 Julai
Shemeji katuma ujumbe. Mjane wa kaka yake hawezi kuning'inia hewani watu wakimtazama kwa chini. Nimemjibu: nitavaa suruali.
Marehemu mwenyewe angenishikia kamba.

Jumatano, 23 Julai
Kumbe kuruka si shida. Shida ni kufika uwanja wa mpira. Mzigo mpana kama nyumba, na barabara imejaa mabasi na pikipiki.
Nimepata! Jumamosi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Mpaka saa tano hakuna gari linalotembea, mji mzima uko kwenye majembe. Nitapita njia ya nyuma isiyo na nyaya za umeme. Umuganda nitautoroka, mara moja tu maishani. Akili ninayo, wacha waseme.

Ijumaa, 25 Julai
Tumejaza maputo mchana kutwa kwenye ukumbi wa harusi, mimi na Mama Hawa. Mia na sitini. Hatukuongea sana. Kwa gesi ile sauti zetu zilikuwa za vifaranga.

Jumamosi, 26 Julai
Mjinga mimi. Magari hayakuwepo, kweli. Lakini watu wote walikuwa nje! Mtaro wa mwezi huu ulikuwa njia ile ile ya nyuma. Nikatokea kwenye kona nikitoroka umuganda, na maputo mia na sitini juu ya kichwa, gunia la mchanga kiunoni nisipae mapema. Utajificha wapi?
Majembe yakasimama. Mkuu wa mudugudu, kitongoji chetu, kashika kiuno: "Mama Yusufu, umuganda iko huku. Wewe iko unaenda wapi?"
"Juu," nikasema.
Yusufu akatupa koleo akaja mbio. Nilidhani anakuja kuyapasua. Nikamwambia, gusa uone! Akaipokea kamba ya kunizuia kutoka mikononi mwa Mama Hawa aliyenisindikiza. Mkuu akakuna kichwa, akaamuru wanaume kumi wengine waishike pia, mama wa watu asije akatua Burundi.
Uwanjani nikaufungua mchanga. Ukamwagika, nikawa mwepesi, viatu vikaacha nyasi. Mana yanjye, Mungu wangu! Usawa wa mabati, kisha juu ya mabati. Nikaona minara miwili ya misikiti na nguo za watu zimeanikwa. Wanawake walipiga vigelegele. Nikapiga na mimi.
Waliponishusha, mkuu akanipa jembe. Nimechimba mtaro mpaka saa tano na suruali yangu ya kurukia.

Jumatatu, 28 Julai
Nimefungua duka saa mbili. Oda mbili, moja ya ubatizo.
Yusufu kapita. Hakutaja funguo. Kauliza tu kule juu kulikuwaje. Nikasema kuzuri. Akanywa chai, akaenda kazini.
Sikumwambia nilichokiona. Wale kumi walikuwa wananitazama na kucheka. Yeye alikuwa amejizungushia kamba mkononi mara tatu na macho kayafumba. Mwanaume wa miaka thelathini na minne. Leo kiganja kakifunga kitambaa, na mimi nikajifanya sikioni.
Duka silifungi. Lakini jioni nitapanda kwake na sufuria ya pilau, nikae mpaka watoto walale.