Nyuzi Nane za Baba

Bunia, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Naomba barua hii ikukute kifua kimepona na moshi wa samaki haukukohozi tena. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nasoma. Akelo mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona ni pabaya.

Masomo ya pedagogia yanaendelea. Wenzangu wakiniuliza nitafundisha nini, nasema muziki, nao wanacheka. "Muziki? Ile iko kazi ya bar!" aliniambia Mugisa, rafiki yangu wa Boga, ambaye kitanda chake kiko karibu na changu. Nilitaka kusema kwamba mtoto asijue kuimba tu, ajue na kwa nini sauti inatoka. Katika biblioteki kuna kitabu cha fizike kisicho na jalada, nimekisoma mara tatu, na tangu hapo masikio yangu hayapumziki. Kamyo ya Mahagi ikitupita barabarani, nasikia mlio wake unashuka, na ninajua sababu. Napuliza chupa zenye maji mengi na zenye maji kidogo. Asubuhi jua likipiga bati la nyumba yetu ya kulala, bati linalia ta, ta, kwa kuwa linatanuka. Wananiita mutu wa kusikiliza bati.

Sasa nije kwenye neno lililonikalisha chini kuandika.

Uliponipa adungu, kinubi alichochonga Baba na kukitia nyuzi nane za nailoni ya nyavu zake, ulisema mbele ya baba mdogo: "Piga vile iko. Usiguse masikio yake ya kukazia nyuzi mpaka tumalize matanga." Nami nilijua kwamba kwetu kinubi cha marehemu hubaki kama mikono yake ilivyokikaza, hadi siku ya matanga watu wakisikie mara ya mwisho, ndipo nyuzi zilegezwe.

Adungu niliitundika ukutani katika chumba cha muziki. Siku ya kwanza, profeseri alipokuwa akitufundisha kwa kinanda, uzi wa tano ulilia peke yake. Hakuna aliyekuwa karibu nao. Wenzangu walikimbia nje kwa kupitia madirisha.

"Unencan, baba yako amekuja kujiandikisha!" Mugisa alipiga kelele akiwa nje. "Mwambie aombe profeseri atupunguzie kazi!"

Wakacheka, lakini hawakurudi ndani mpaka kengele. Mimi nilibaki. Kitabu kinasema vitu viwili vyenye sauti moja, kimoja kikilia, kingine huitika, kwa sababu hewa inakitikisa. Kesho yake niliwaeleza, wakaelewa, hofu yao ikaisha. Yangu haikuisha, Mama. Kila profeseri alipofika kwenye noti ile, uzi uliitika, na mimi niliitika moyoni: Ndiyo, Baba. Nikaanza kuingia mapema, kabla ya wengine, niibonyeze noti ile mwenyewe.

Kisha ikaja sikukuu ya shule. Profeseri alitaka adungu ipigwe pamoja na kinanda. Ule uzi wa tano tu ndio uliopatana nacho. Zile saba nyingine sauti zake zilikaa katikati ya noti, mahali ambapo kinanda hakina kibao cha kubonyeza.

"Hii haiko sawa," alisema. "Ikaze upya."

"Profeseri, iko ya marehemu."

"Na marehemu hakupenda muziki muzuri?"

Wote walikuwa wananitazama. Ningesema ulivyoniagiza. Nilisema tu, "Ndiyo, profeseri."

Nilijiona mwerevu. Nilikata mabua mabichi ya majani ya mpapai nyuma ya jiko, yale yenye uwazi ndani. Niliziba chini kwa kidole, nikapuliza, nikapunguza kwa wembe kidogo kidogo, mpaka bua lilie sawa na uzi. Mabua manane, nyuzi nane. Sauti ya Baba nimeiweka, nilifikiri. Baada ya sikukuu nitairudisha yote. Sikuandika urefu wake katika daftari. Niliposhika rula, nilimkumbuka seremala aliyekuja kumpima Baba kwa ajili ya sanduku, nikaiweka chini.

Ndipo nikazungusha yale masikio.

Siku ya sikukuu watu walipiga makofi, na profeseri alinishika mkono. Wiki ya tatu baada yake nilifungua sanduku langu la nguo, nilimoyaweka yale mabua. Yalikuwa yamekauka, yamejikunja, mengine yamepasuka. Nilipuliza moja baada ya jingine. Ilitoka pumzi tupu. Mama, mimi ninayewaeleza wenzangu kwa nini nguo hukauka kambani, sikufikiri kwamba na bua lina maji.

Nimejaribu kukaza kwa kukumbuka. Asubuhi naona nimepata, mchana nasikia mtu mwingine. Bomba la maji likilia, au upepo ukipita chini ya mlango, nasikia uzi wa pili wa Baba, wazi kabisa. Nikikimbilia adungu, umeshanitoka. Na kilichonitisha kupita vyote ni hiki: baada ya sikukuu, kila profeseri alipopiga kinanda, nyuzi zote nane ziliitika, na hakuna hata mmoja ulioniita mimi.

Kwa hiyo nimezilegeza zote. Nimeilaza kifudifudi ndani ya blanketi. Noeli nitakuja nayo kwa kamyo, siku chache kabla ya matanga. Mama, najua tangu tumzike hujaimba. Lakini wewe uliimba naye jioni zote, na nyimbo zile zilipita juu ya nyuzi zile. Nakuomba ukae nami mara moja, uimbe, mimi nikaze nikifuata koo lako. Kama utakataa, sitakulaumu. Kama utaimba na tusiipate, nitasimama mbele ya watu wa matanga niseme kwamba sauti ya Baba nimeipoteza mimi, kwa mkono wangu, wala si panya, wala si mitikisiko ya njia.

Nisalimie koko mwanamke, bibi yetu asiyeona, ambaye kwa kusikia tu atakuwa wa kwanza kujua. Nisalimie shangazi na watoto wake, na mwalimu wa kwaya ya parokia. Baba mdogo umsalimie kwa heshima, ila neno hili usimwambie bado. Simfichi, nataka alisikie kutoka mdomoni mwangu.

Akelo, asante kwa kusoma mpaka hapa. Ukimwona Mama amenyamaza, usimuulize kitu. Kaa naye tu.

Ni mimi mwanao,
Unencan