Hesabu Niliyomfundisha Anneth

Kirushya, Ngara.
Jumapili, 15 Machi 2026.

Mpendwa mpwa wangu Philbert,

Nakusalimu sana kutoka huku kwenye ukungu na migomba. Natumaini barua hii itakukuta huko Mtwara una afya, na kazi ya uashi inakwenda. Vipi hilo joto? Na kile kikohozi cha Krismasi kimekuachia? Shikamoo yako nimeshaiitikia kabla hujaitoa: marahaba, baba.

Sisi tu wazima. Mke wangu Véronique mguu umepona, shambani anakwenda mwenyewe. Mvua imeshuka vizuri, maharage yametoa maua. Nyuma ya jiko tumekata mkungu wa ndizi uliobebwa na wanaume wanne. Sawa, tulikuwa wawili.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Mpwa wangu, kwenye simu mdomo wangu unanikimbia. Ningeanza kukueleza habari hii, na kabla hujaguna ningekuwa mshindi ndani yake. Karatasi ni jambo jingine. Ukiiandikia uongo unakaa pale unakutazama. Tena nataka uisikie kwangu kabla jirani yetu Matiasi hajakupigia, maana namba yako anayo na furaha anayo.

Ni habari ya mdogo wako Anneth. Dada yangu, mama yenu, alipotutoka, wewe ulimwacha msichana huyu mikononi mwangu. Nilikuambia nitamsomesha mpaka walimu wakimbie. Ndivyo nilivyosema.

Unajua mimi niliishia kidato cha pili, ingawa nikiwa sokoni Biharamulo huwa nafika cha nne, na nikipata pombe ya ndizi nafika chuo. Mwezi uliopita tulikuwa tunamenya ndizi, Anneth akasema hesabu mpya za kidato cha tatu, hizi wanazoziita fankisheni, zinamchanganya kidogo. Anamwambia nani? Mimi niliyemfukuza nyati kwa mwavuli njia ya Biharamulo! Nikajifuta utomvu, nikashika kalamu.

Swali lilisema f(x) = 2x + 3, tafuta f(4). Nikamwambia hiyo ni f mara x. Kuna x huku na x kule, zikate zote, zimekufa. Inabaki f ni mbili na tatu, yaani tano. Basi f(4) ni tano mara nne, ishirini. Kwisha.

Akaitazama ile kazi. “Lakini mjomba, madamu anasema f siyo namba.”

“Madamu huyo kazaliwa juzi,” nikamwambia. “Ukiandika ya kwake, ujue umeniita mwongo ndani ya nyumba yangu.”

“Ndiyo, mjomba.”

Hakuuliza tena. Unamjua mdogo wako, mama yenu alimzoesha kupokea neno la mkubwa kwa mikono miwili.

Likaja jaribio, Anneth akaanguka vibaya. Shule ikatangaza kwamba waliofeli hesabu watatolewa kwenye darasa la fizikia. Bila fizikia, udaktari anaoutaka asahau. Alilia bandani kwa mbuzi, akidhani hatumsikii. Mimi nikasema huyu mwalimu ana chuki, ngoja kikao cha wazazi.

Kikao kilikuwa Ijumaa. Nilivaa koti la harusi. Njiani kila niliyekutana naye nilimweleza kwamba nakwenda kumfundisha mwalimu kazi, kwa hiyo wengine wakanifuata hata wasio na mtoto pale.

Nikasimama. Nikasema mtoto wangu kaonewa. Mwalimu Kezia, ndiye madamu huyo, binti mpole tu, akaniambia, “Karibu mbele, baba, utuonyeshe.” Ningekaa chini wakati ule, Philbert, leo ningekuandikia habari za maharage. Nikaenda. Nikazikata x zangu kwa mbwembwe, nikaandika ishirini, nikaipigia mstari.

Mwalimu hakucheka. Akasema, “Baba, f siyo namba. Ichukue kama mashine ya kusaga. Hii imeagizwa: kinachoingia kizidishe kwa mbili, halafu ongeza tatu. Ikiingia nne?”

Matiasi akadakia kutoka nyuma akininyooshea kidole, “Mashine ya Jovitus hiyo! Unatia debe, unachota gunia!”

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Sikuongeza chumvi, lilianguka kweli.

Mwalimu akamwita Anneth. Alikuja akapiga goti mbele yangu, mbele ya watu wote, akaipokea chaki mkononi mwangu kama anapokea sahani. Kisha akaandika: mbili mara nne ni nane, na tatu, kumi na moja. Hakusita hata kidogo.

“Mbona kwenye jaribio hukuandika hivi?” mwalimu akamuuliza.

Akainama. “Mjomba alinifundisha vile. Nisingeweza kumpita.”

Hapo hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Mwalimu amekubali kumpa jaribio jingine Jumanne. Lakini aliniambia pembeni, “Akija tena na f yako, baba, sina la kufanya.” Nilirudi kwa njia ya bondeni nisipite dukani. Jana sikutoka. Leo kanisani nilikaa nyuma kabisa, mimi ambaye sauti yangu mnaijua kwenye nyimbo.

Baada ya misa nikamwambia Anneth Jumanne aandike ya madamu. Akasema, “Ndiyo, mjomba.” Ikanichoma, kwa sababu ilikuwa ndiyo ileile ya mwezi uliopita. Ningemwambia maharage huota juu ya miti angesema ndiyo. Nikaona nisipofanya kitu, Jumanne mkono wake utaniogopa tena.

Nikavuta kigoda. Nikamwambia leo mwalimu ni wewe, nipe swali. Akakataa, nikamsihi. Akaandika f(x) = 3x − 1, tafuta f(5). Mimi, kichwa hiki, nikarudi kulekule: tatu toa moja ni mbili, mara tano, kumi.

Akawa anachorachora chini kwa kidole. Halafu akanong'ona, “Umekosea, mjomba.”

Philbert, ndani ya nyumba hii neno hilo halijawahi kusemwa na mtu yeyote. Masikio yaliwaka moto. Nilikishika kile kigoda kwa mikono yote miwili nisije nikainuka.

“Sema tena,” nikamwambia. “Sikusikia.” Nilikuwa nimesikia.

Akaniangalia usoni. Akasema tena, kwa sauti, mpaka Véronique akachungulia kutoka jikoni. Kisha akanionyesha: kumi na nne.

Basi mwombee Jumanne. Akianguka, usimlaumu yeye, lawama zote zilete kwangu, nami nitazipokea bila hadithi.

Véronique anakusalimu, pia babu Bartholomayo aliyeko Rulenge anauliza lini utaoa. Msalimie Teddy, mwenzako wa chumba. Mungu akulinde juu ya hizo ngazi za ujenzi, na kuta zako zisimame wima.

Ni mimi akupendaye, na mwenye aibu,

Mjomba wako Jovitus