Karatasi ya Jicho la Kulia

Maskati, Ijumaa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naleta na shikamoo ya pili, maana najua hiyo ya kwanza Zuhura kaisoma huku anatafuna. Zuhura, meza kwanza. Msomee Mama polepole, na pale wewe mwenyewe unaposemwa usiruke, kwa sababu nitauliza na nitajua.

Goti lako linaendeleaje, Mama? Ule mlango wa uani umeshatengenezwa? Mimi mzima, alhamdulillahi, joto la huku limeanza kupungua na chakula nakula. Ila nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumatatu, na nimeona nikuandikie kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nikilitaja tu neno jicho, mtandao wa Pangani unakufa. "Haloo? Haloo? Miye sikusikii, mwanangu." Mwenzio nakusikia vizuri, mpaka kuku wako nawasikia. Barua hii anakuja nayo Rukia, mwenzangu wa kazini anayeruka usiku huu kwenda likizo kwao Chumbageni, hapo Tanga, na barua haikatiki.

Nianze na mkeka. Ule ulionitumia wiki iliyopita niliutandika nikaswalia siku ile ile. Siku ya tatu nikaona mstari mwekundu haujafika mwisho. Umekwenda vizuri, katikati ukaruka utepe mzima wa ukili, ukaendelea upande mwingine. Mama, wewe ulitufumulisha mimi na Zuhura kazi ya wiki nzima kwa jani moja la mwaa lililokaa vibaya. Wewe hukosei mstari. Nilikaa kitandani nikiugeuzageuza ule mkeka, kisha nikampigia Zuhura nikamuuliza, Mama anaona? Akaanza kunipa habari za harusi. Nikauliza tena. Ndipo akanitumia picha ya karatasi ya kliniki ya macho, karatasi ya miezi minne nyuma! Miezi minne, Zuhura, na kila wiki tunaongea habari za harusi za watu.

Kwenye karatasi yenyewe daktari kaandika herufi tu. RE. Chini yake OT. Chini kabisa TCA, na mbele yake moja juu ya kumi na mbili. Basi. Nikamuuliza Zuhura, mlifanya nini na karatasi hii? Akanieleza, na hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka.

Kumbe karatasi ilivushwa mto kwa pantoni mpaka Bweni kwa Mjomba Salehe, kwa kuwa Mjomba alikuwa karani bandarini na Kiingereza chake ni cha zamani, cha kweli. Mjomba kavaa miwani, akasema RE ni ile ya juu ya barua za ofisi, maana yake "yahusu", na hizo namba ni Desemba mosi, kwa hiyo mtulie, muda upo. Karatasi ikarudi ng'ambo, ikaenda kwa Mwalimu Mhina jirani. Mwalimu akasema CA anaijua, kaijaza miaka thelathini, ni alama za mazoezi ya darasani, na hiyo T bila shaka ni muhula. Akaongeza kwamba Mama kapata moja katika kumi na mbili na ajitahidi. Zuhura anasema alikuwa anatania. Sawa, lakini hakusema "sijui". Halafu akaja Hamza wa shangazi, anayefanya kazi kiwandani, akasema OT ni ovataimu, nani asiyejua, daktari kaandika kwamba siku hiyo alifanya kazi mpaka jioni. Hamza, kwa nini daktari amwandikie mgonjwa saa zake za ziada? Hebu niambie.

Watu wazima watatu, kila mmoja kazisoma herufi za kazi yake, wamekunywa kahawa juu ya jicho la mama yangu. Na wote nawaheshimu. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema mpelekeni huyu mama kwa aliyeandika akamuulize. Kwetu ndivyo tulivyo. Ukipewa karatasi dirishani unasema "haya, ahsante", unaikunja, unaitia kwenye pindo la kanga, unakwenda kuisomesha kwa mtu mwingine nyumbani. Kumuuliza mwenye kalamu ni aibu, atatuona hatukusoma.

Nisiwasute peke yenu, na mimi nimo. Nilipoanza kazi hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, msimamizi alinielekeza mifuko ya kijani akasema, "OT." Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nimeshaiona OT kwenye ratiba yetu ya zamu, ni saa za ziada, nikajua basi mifuko hii ni ya kufuliwa baadaye, tukishamaliza mingine. Nikaisukuma pembeni. Kumbe ile ni mashuka ya chumba cha upasuaji na hutangulia yote, hufuliwa peke yake. Asubuhi ile mgonjwa mmoja alicheleweshwa kwa sababu mashuka hayakuwa tayari. Nilifokewa mbele ya wenzangu wa mataifa manne, na kwa nini? Kwa neno moja tu la kuuliza, "Hii ni nini?" Nililiona zito kulitamka. Tangu siku ile nauliza kila kitu, mpaka wamenichoka, na wanichoke.

Kwa hiyo nilipoiona OT kwenye karatasi yako, Mama, sikukisia tena. Niliichukua simu nikapanda ghorofa ya tatu kwa sista mmoja Mganda tunayesalimiana naye. Hakuchukua hata dakika. RE ni jicho la kulia. OT apelekwe chumba cha upasuaji. Na zile za mwisho, kasema huko kwetu Afrika Mashariki madaktari wengi huandika hivyo, ni "arudi tena", na moja juu ya kumi na mbili ni baada ya mwezi mmoja. Mwezi mmoja, Mama. Kwa umri wako, kasema, lazima ni mtoto wa jicho, ulitakiwa urudi baada ya mwezi atolewe, imekuwa minne. Sista akaniuliza, "Kwani hawakumwambia kwa mdomo?"

Nikakupigia siku ile ile. Unakumbuka? Nilisema tu, "Mama, nimeisoma karatasi yako." Sikusema zaidi ya hapo. Na wewe ukadakia, "Na wakilikosea hilo la kulia, nibakiwe na nini miye?"

La kulia. Nani alikuwa amekwambia ni la kulia? Mjomba alisema "yahusu". Mwalimu hakuigusa RE. Mimi nilikuwa bado sijataja jicho lolote. Kisha mtandao ukafa.

Mama, wewe ulijua. Nesi alikwambia pale dirishani kwa Kiswahili chepesi, rudi mwezi ujao tukusafishe jicho la kulia, ukamwitikia, ukatoka, ukamkuta Zuhura nje kwenye benchi, ukamwambia, "Wameandika herufi tu, sijui wamesemaje." Na kila aliyekosea kuzisoma zile herufi ulimshukuru na kumwekea sukari. Desemba ya Mjomba ilikufaa kweli. Nimekasirika mpaka nimelia, halafu nimelia mpaka hasira imepungua kidogo. Imepungua kidogo tu.

Najua kinachokutisha ni ya Bi Tatu, rafiki yako. Najua aliingia chumba cha upasuaji anaona ukungu akatoka haoni kabisa, na wewe ndiye uliyemshika mkono kumrudisha nyumbani. Ungeniambia "naogopa", ningekuelewa. Neno hilo si la kusomewa na karani wala mwalimu. Lakini Bi Tatu alikwenda akiwa amechelewa miaka, Zuhura anakumbuka, na wewe unataka kuchelewa kama yeye kwa kumwogopa yeye. Na mimi naogopa pia. Naogopa nije nyumbani likizo, nisimame mlangoni, uniulize ni nani.

Basi sikilizeni. Jumatatu mnakwenda Tanga, kliniki ile ile. Zuhura, safari hii huketi nje, unaingia naye ndani. Daktari akiandika herufi, unamuuliza, "Hii ni nini?" Akiandika nyingine unauliza tena. Mama, na wewe muulize lile la Bi Tatu, umuulize kwa jina, "Na mimi nitakuwa kama mwenzangu?" Akujibu yeye, si Mjomba. Karatasi isivuke mto.

Mkeka nimeukunja, siuswalii. Nitakuja nao. Utaufumua ule mstari mbele yangu na kuushona upya, na nikikukuta umekosea tena nitakufumulisha kama ulivyotufumulisha sisi.

Nisalimie Mjomba, mwambie miwani yake naiheshimu. Mwalimu Mhina na mkewe, waambie nawakumbuka, na ule utani nimeusikia. Hamza aache kujifanya daktari. Shangazi mbusu mikono kwa niaba yangu, na Bi Tatu mpelekee salamu zangu wewe mwenyewe, ukae naye.

Ni mimi mwanao ninayekuudhi kwa kukupenda,

Mwanaidi

Zuhura, umemaliza? Sasa usiseme kitu. Mpe Mama barua hii aishike mwenyewe, karibu na dirisha, umuulize nimeiandika kwa wino wa rangi gani. Akikosea, msingoje Jumatatu.